Ningi Haimbii Ukuta

Kazi yangu sasa ni kutengeneza vitabu vya nyimbo. Watu huniletea nyimbo zao kwenye karatasi za daftari, wengine kwenye kaseti, wengine wanazo kichwani tu, nami huzipanga, nikazisahihisha, kisha nikazipeleka kwa mpiga chapa. Nimeifanya kazi hii Mwanza, nikaifanya Tabora, nikaifanya Dodoma, na sasa naifanya Dar es Salaam, kwenye chumba ambacho dirisha lake linatazama ukuta wa jirani. Sikai sana mahali pamoja. Mke wangu husema nina miguu ya mchunga ng'ombe na mikono ya karani. Lakini mtu akiniuliza nilianzia wapi, sitaji mji wowote kati ya hiyo. Nilianzia Bariadi, mbele ya ubao, nikiwa na kipande cha chaki.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikapewa mafunzo mafupi ya ualimu, nikapangiwa shule ya msingi katika kijiji kimoja upande wa kwenda Shishiyu. Kijiji kilikuwa kipya. Watu walikuwa wametolewa kwenye miji yao ya zamani, kila mji na uzio wake wa minyaa na zizi lake, wakaletwa kujenga nyumba zilizonyooka kama matuta ya pamba. Ukitembea barabarani jioni ulisikia watu wakisalimiana kwa uangalifu, kama wageni msibani, maana jirani wa jana hakuwa jirani wa leo.

Enzi hizo kila jambo lilikuwa na wimbo. Kulikuwa na wimbo wa kuchimba choo, wimbo wa kunyunyizia pamba dawa, wimbo wa kisomo cha watu wazima na wimbo wa kumpokea mgeni. Mwalimu mkuu wetu, mtu mwema aliyeogopa wageni kuliko nyoka, alinisimamisha uwanjani akaniambia, "Mwalimu, Jumatano tuna ugeni. Nataka wimbo wa kilimo bora. Usiwe mrefu, na usiwe na huzuni. Ule wa mwezi uliopita ulikuwa na huzuni."

"Ulikuwa wa mmomonyoko wa udongo, mwalimu mkuu."

"Ndiyo, lakini mgeni nusura alie."

Nilitunga nikiwa juu ya baiskeli, nikienda kufuata mshahara mjini au nikirudi na sabuni niliyoipata baada ya foleni. Nilipokuwa mwanafunzi kwaya ilinifundisha nota za sol-fa, kwa hiyo nilikanyaga pedali nikihesabu do-mi-sol. Ule wimbo wa choo niliwahi kuusikia ukiimbwa Kahama miaka mingi baadaye, na watoto waliokuwa wakiruka kamba. Nilisimama tu nikasikiliza mpaka mmoja wao akaniuliza kama nimepotea.

Jioni nilifundisha kisomo. Watu wazima waliingia kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga mbao, wakaandika "jembe" na "pamba". Kati yao alikuwamo mzee mmoja mrefu, mwenye kifua kibovu, aliyejifunga mgolole wake begani hata siku za joto. Kila alipokohoa darasa zima lilinyamaza kumngoja. Walimheshimu kwa sababu alikuwa ningi, yaani mtunzi na mwongozaji wa ngoma, na si ningi wa kawaida. Kabla ya watu kuhamishwa, kikundi chake kilikuwa kikubwa kiasi kwamba vumbi lake lilionekana kabla ya ngoma yake kusikika.

Wasiotoka kwetu huenda hawajui mashindano hayo yanavyokwenda. Pamba ikishavunwa na kuuzwa, vikundi viwili hukutana kwenye uwanja mmoja. Havipokezani zamu. Vinacheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na watu wako huru kusimama wanakotaka. Jioni, mwenye watu wengi ndiye mshindi. Hakuna jaji wala kikombe. Kwa hiyo ningi huimba ili kuvuta watu, na dawa kubwa ya kuwavuta, achilia mbali zile zinazofungwa kwenye ngoma, ni kumchoma mpinzani wake kwa maneno mbele ya wakwe zake. Na iko miiko. Mkubwa kuliko yote ni kwamba ningi hakanyagi uwanja wa mwenzake. Akienda kusimama pale akasikiliza, amejitoa. Watu wake wanahesabu wameshindwa, wanavua njuga.

Jioni moja, wenzake walipoondoka, yule mzee alibaki kwenye dawati.

"Mwadila, mwalimu."

"Mwadila, baba. Hujaelewa somo?"

"Somo nimelielewa. Mtu amelima, amevuna, amefurahi. Niambie jambo jingine. Hizo do-re-mi unazowaandikia watoto ubaoni, zinaweza kushika wimbo usitoroke?"

Nilimwambia zinaweza.

"Hata kama mwenye wimbo hayupo?"

Nilimwambia hata kama hayupo. Hapo akanieleza shida yake. Wachezaji wake walikuwa wametawanywa vijiji mbalimbali, na waliobaki karibu walikuwa wachache. Wanawe walikuwa wameshika kazi nyingine, mmoja dereva, mmoja kwenye kinu cha pamba. Alikuwa na wimbo mmoja, aliouita wa Korongo, ambao kwake ulikuwa mkubwa kuliko nyimbo zake zote. Kifua chake, alisema, kilikuwa kama kiriba kilichotoboka. Ukikijaza asubuhi, mchana hakina kitu. Alitaka wimbo ule ubaki, nao ubaki ukiwa yeye. Aliyasema hayo bila kujihurumia, kama mtu anayetafuta zizi la ng'ombe wake kabla ya mvua.

Tuliufanyia kazi mwezi mzima. Aliimba kidogo kidogo, akipumzika, mimi nikiandika. Kulikuwa na sauti moja iliyokaa katikati ya mi na fa, haikukubali kuwa mi wala fa, nami nikaiwekea alama yangu mwenyewe. Maneno yalikuwa ya Kisukuma, na yalimhusu korongo mmoja mwenye miguu mirefu anayetembea shambani kwa watu akijiona mwenye mali, kumbe anaokota panzi waliofukuliwa na jembe la mwingine. Kila mtu kuanzia Bariadi hadi Maswa alijua korongo ni nani. Alikuwa ningi wa kikundi pinzani, mtu mwembamba, mrefu wa miguu, mdogo kidogo kwa umri kuliko mzee wangu, na mwenye ulimi unaoweza kuchuna mbuzi.

Nilipomaliza niliwafundisha watoto wa darasa la sita. Siku moja baada ya vipindi nikamkalisha mzee kwenye kiti changu, wakamwimbia. Waliimba vizuri, na hata ile sauti ya kati waliipata. Mzee alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Walipomaliza akawashukuru mmoja mmoja, "Wabeja, wabeja," wakakimbia nje.

"Hujapenda, baba," nikasema.

"Nimependa. Ni kama ng'ombe aliyechunwa vizuri. Nyama yote ipo. Lakini huwezi kumwita jina lake akageuka."

Hadi leo, kila kitabu kinapotoka kiwandani kikinuka wino, huwa nakumbuka ng'ombe yule.

Ndipo zikaja habari kwamba gari la redio la kurekodi ngoma za asili litapita Bariadi. Nilipanda baiskeli siku hiyohiyo kwenda kwa ofisa utamaduni, kijana wa rika langu aliyevaa suti ya kaunda iliyopigwa pasi mpaka ikang'aa magotini. Alikuwa na masharti. Kila kikundi kilete maneno ya wimbo wake na maana yake kwa Kiswahili. Nyimbo zijenge umoja. Nyimbo za matusi na za kugombanisha wananchi haziruhusiwi.

Nilirudi kwa mzee nikiwa nimekata tamaa. Yeye akacheka mpaka akakohoa.

"Andika kwamba ni korongo."

"Niandike korongo tu?"

"Kwani nimeimba nini? Nimeimba korongo. Anayejiona ana miguu mirefu, hiyo ni shauri yake."

Nikaandika hivyo. Ofisa aliusoma ukurasa wangu akitikisa kichwa kwa kuridhika. "Ndege, wadudu, jembe," akasema. "Kilimo na mazingira. Huu ni mzuri, ndugu mwalimu. Watunzi wengine wangeiga." Akagonga muhuri. Kwenye meza yake niliona karatasi nyingine iliyogongwa tayari, ya kikundi cha yule mpinzani. Wimbo wao ulimhusu kiboko mzee anayekohoa mtoni. Nao ulikuwa umepitishwa, kama wimbo wa uhifadhi wa maji.

Siku ya kurekodi tulikwenda Bariadi na wachezaji wachache tuliowakusanya, wengine wakitoka mbali, wamebeba michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye vitambaa kwa ajili ya njiani. Fundi wa redio alikuwa mtu mpole aliyekuwa amechoka. Alikuwa amelala kwenye gari kwa wiki kadhaa, na mkanda aliobaki nao ulikuwa mdogo, wa kutosha kikundi chetu na kile cha korongo, basi. Alichagua ukumbi uliokuwa na kuta nene. Akafunga madirisha, akatundika mablanketi ukutani ili sauti isirudi, akawatoa watazamaji wote nje, na kuwaomba wachezaji wavue njuga kwa sababu zinafunika sauti ya mwimbaji. Sisi sote, mimi nikiwa mmojawapo, tuliona hayo ni maandalizi ya heshima. Chumba kilikuwa kimya kama cha mgonjwa.

Mzee akasimama mbele ya kipaza sauti. Akaanza.

Wimbo ulitoka, lakini haukwenda popote. Aliimba kama mtu anayesoma bango. Kwenye ubeti wa pili akakohoa, fundi akasimamisha mtambo. Akaanza upya, na mara hii hakukohoa ila ikawa mbaya zaidi, maana hata kile kikohozi kilikuwa na uhai kuliko wimbo. Fundi akavua vipokea sauti vya masikioni.

"Mzee wangu, samahani. Tatizo ni nini?"

"Namwimbia nani?" mzee akauliza.

"Unaliimbia taifa zima, mzee. Nchi nzima itakusikia."

Mzee akalifikiria hilo kwa dhati. "Taifa," akasema, "sijawahi kugombana nalo."

Wachezaji wakacheka. Fundi hakucheka, aliutazama mkanda wake. Akasema anaweza kujaribu mara moja tu, kisha lazima kiingie kikundi kinachofuata, la sivyo watu wale wamekuja bure. Mzee akatikisa kichwa akaketi kwenye benchi, akajifuta jasho kwa pindo la mgolole. Nilimwona akitazama mablanketi ukutani, nikajua anaona nini. Tulimtengenezea mahali pa kuzikia wimbo.

Nikatoka nje. Korongo alikuwa ameketi kwenye kivuli cha gari la redio, miguu yake mirefu ameinyoosha mbele, usinga begani, wachezaji wake wamemzunguka na njuga zao tayari mguuni. Aliponiona akainua sauti ili wote wasikie.

"Mwalimu wa vyoo huyo! Vipi, kiboko wenu amekwama kwenye tope?"

"Amekwama," nikamjibu. "Hawezi kumwimbia ukuta."

Hakuwa ametarajia jibu la kweli. "Sasa unataka nini kwangu?"

"Uingie usimame mbele yake."

Wachezaji wake walipiga kelele za kukataa kabla sijamaliza. Mmoja, mwanamume mnene mwenye ngoma, aliniambia nimetumwa, na kwamba ni hila, na kwamba ningi wao hajakanyaga uwanja wa mtu tangu atoke tumboni mwa mama yake. Mwingine akasema, kwa sauti ya chini zaidi, jambo ambalo nilikuwa nimelijua tangu nafungua mlango: mkanda ni mdogo. Mzee akipewa muda mwingine, wao watarudi nyumbani na njuga zao.

Korongo alinitazama. "Kifua chake kikoje leo?"

"Kibaya."

"Nilimsikia akikohoa hata kupitia dirisha lililofungwa. Kile si kikohozi cha vumbi."

"Siyo."

Akaokota kijiti, akachora mstari mchangani, akaufuta kwa kisigino. Nilidhani atakataa. Ningemwelewa. Watu nusu mji walikuwa wamesimama pale, na wengi wao walikuwa wamewahi kumwona akivuta umati mpaka uwanja wa mwenzake ukabaki na mbuzi. Kisha akainuka, akampa mwanamume mnene usinga wake.

"Nishikie. Na mtu yeyote akivua njuga, nitamtungia wimbo."

Aliingia akiwa ameinamisha kichwa chini ya mlango. Mzee alipomwona akasimama mara moja, kama mtu aliyekalia mwiba.

"Wewe! Umefuata nini hapa?"

"Nimesikia kuku aliyenyeshewa analia humu. Nikasema niingie nimfunike na kapu."

"Simama vizuri basi, usije ukaanguka. Miguu yako kama vijiti vya mishikaki."

"Imba, mzee. Au umekuja Bariadi kutalii?"

Fundi alitaka kusema kitu, nikamshika mkono. Nikamwomba awarudishie wachezaji wetu njuga zao. Alisita, akakubali, akawasha mtambo.

Sijui niueleze vipi wimbo ule. Nimeandika nyimbo za watu wengi tangu siku hiyo, na kila mara ninapofika mahali pa kuandika "kwa nguvu" au "kwa uchangamfu" juu ya mstari, najua nadanganya kidogo. Mzee alikuwa ananyoosha kidole kwenye uso wa mwenzake. Alimwimbia miguu, akamwimbia panzi, akamwimbia jembe la watu, na akaongeza beti ambazo hazikuwa kwenye karatasi yangu wala ya ofisa, moja ikimhusu mama mkwe wa korongo na debe la maziwa. Kifua kilimkatika mahali pawili, na mara zote mbili alikitumia kikohozi kama ngoma, akakiweka panapotakiwa, wachezaji wakakijibu kwa mguu. Ile sauti ya katikati ya mi na fa ilitoka tofauti na nilivyoiandika. Ilipanda huku inatetemeka, ikashuka ikiwa inacheka.

Na korongo alisimama. Kwa desturi yetu, tusi lisilojibiwa palepale limekubaliwa. Lakini neno moja tu kutoka kwake lingeharibu mkanda. Alikunja mikono, akatazama dari. Kwenye ubeti wa mama mkwe alijifunika mdomo kwa kiganja na mabega yakaanza kutikisika, nikaogopa kwamba analia. Alikuwa anacheka, na alikuwa anakizuia kicheko kile kama mtu anayemzuia dume la ng'ombe kwa pembe.

Wimbo ulipoisha fundi hakuugusa mtambo. Mkanda uliendelea kuzunguka mpaka ncha yake ikatoka, ikawa inapiga tap, tap, tap.

"Na mimi?" korongo akauliza, ingawa alijua.

"Umeisha, ndugu," fundi akasema. "Samahani sana. Mwakani tukijaliwa tutarudi."

Korongo alichukua muda mrefu kuufikia mlango. Nje aliwaambia watu wake kwamba mashine imeharibika. Hakuna aliyemwamini, na yule mwanamume mnene aliketi chini akafungua njuga zake kwa hasira, ya kushoto, kisha ya kulia, bila kumwogopa mtu wala wimbo.

Gari la redio halikurudi mwaka uliofuata wala ule uliofuata. Mafuta yalikuwa adimu, kisha vikaja vita. Lakini wimbo wa mzee ulitangazwa. Tuliusikia Bariadi, dukani kwa mfanyabiashara mmoja wa Somanda, aliyeipandisha redio yake juu ya rafu tupu ya sukari na kututengenezea chai ya rangi. Mtangazaji alisema ni wimbo wa kuhifadhi ndege. Mzee aliusikiliza akiwa amefumba macho, na ulipokwisha akasema, "Yupo. Sasa ukimwita anageuka," kwa sauti ya mtu aliyehesabu mifugo ikatimia.

Nilidhani ameridhika. Lakini njia nzima ya kurudi, akiwa amekaa nyuma ya baiskeli yangu, hakutaja wimbo wake tena. Aliniuliza kama naweza kuandika wimbo wa mtu nikiwa nimesimama kwenye vumbi, katikati ya watu, bila meza. Nilisema nitajaribu.

Baada ya mavuno ya mwaka huo, vikundi viwili vilikutana uwanjani. Wachezaji wa mzee walipiga ngoma yao, watu wakaanza kujipanga. Kisha wakatuona sisi wawili tukiuvuka uwanja, yeye akitembelea fimbo, mimi nikiwa na penseli na daftari la shule, tukienda upande usio wetu. Umati ulitoa sauti ambayo sijaisikia tena popote nilipotembea, kama watu wote wamevuta pumzi kwa pamoja. Nyuma yetu ngoma yetu ilinyamaza.

Korongo alitusubiri tufike. Mzee akachomeka fimbo ardhini mbele yake, akaiegemea.

"Haya," akasema. "Nimekuja kumsikia huyo kiboko."

Korongo hakumhurumia hata kidogo. Alimwimbia kikohozi, akamwimbia mgolole uliotoboka, akamwimbia kusoma shule na wajukuu zake. Watu walimiminika kutoka kila upande mpaka nikasukumwa, penseli ikaruka ukurasani, nikaandika mistari kupanda na kushuka, nikijua kwamba naandika mifupa tu na kwamba hakutakuwa na kitu kingine cha wimbo ule zaidi ya mifupa yangu. Niliandika haraka kuliko nilivyowahi kuandika.

Kwenye ubeti wa mwisho mzee alishikwa na kikohozi kirefu. Kilipomwachia aliinua mkono, korongo akasimamisha ngoma, na uwanja wote ukatulia.

"Huo wa mwisho," mzee akasema, "sikuusikia vizuri. Nitukane tena."